Kabla ya Umeme wa Uti wa Mgongo, Vidonge Vifike Ufipa

Mnamo Novemba 2023 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba Mfaransa mmoja aliyeugua maradhi ya Parkinson kwa karibu miaka 30, na ambaye alikuwa akianguka mara kadhaa kwa siku, ameweza kutembea kilomita 6. Walimpachika vipande vya umeme kwenye uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, navyo huamsha mishipa ya fahamu iendayo miguuni kwa kufuata hatua zake. Habari hiyo ni njema. Hata hivyo huyo ni mgonjwa mmoja, na mtu aliyeko Sumbawanga hana budi kuuliza swali lililo karibu naye zaidi.

Maradhi haya hutokana na kufa kwa chembe za ubongo zitengenezazo dopamini. Mkono hutetemeka, mwandiko huwa mdogo, sauti hufifia, na miguu hugoma mlangoni kana kwamba imegandishwa sakafuni. Mwalimu wa namna hiyo hudhaniwa mlevi. Karani huambiwa amekuwa mvivu. Mkulima huambiwa ni uzee, au amerogwa. Jina la Sumbawanga lenyewe husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Ni aibu basi mzee wa mji huo kuachwa kitandani kwa tuhuma hizo hizo.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa 33 miongoni mwa watu wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa wanaugua nini. Na Hai i jirani na hospitali ya KCMC. Ufipa i mbali na Mbeya, sembuse Muhimbili.

Levodopa imetumika tangu miaka ya 1960, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. (Mbegu za upupu zina kiini hicho hicho, ingawa hapana mwenye busara atakayezitafuna bila daktari.) Tena huko huko Hai wagonjwa wasiopata kutumia dawa walifunzwa kutembea kwa kufuata mdundo, na mwendo wao ukatengemaa.

Mdundo hauhitaji upasuaji wala fedha za kigeni. Kila mwalimu aliyesimamia gwaride anaujua. Kinachotakiwa ni mganga wa zahanati afundishwe kuzitambua dalili, na vidonge vifike bila kukatika, maana mgonjwa anayevikosa ghafla huweza kudhurika vibaya. Naye mkuu wa kazi ampeleke hospitali mtumishi ambaye mwandiko wake umebadilika, kabla ya kumwandikia barua ya onyo.