MKUKI KWA NGURUWE

Wenzangu wanafunzi, nanyi ndugu mliotutangulia katika madarasa haya, nataka kuwaeleza jambo lililonipata nyumbani kwetu Kajaga wakati wa likizo, kisha nitoe shauri langu. Atakayeona nimekosea na aandike katika toleo lijalo. Sitakasirika.

Nyumbani tuna ng'ombe wawili wa maziwa, machotara, nao hukaa bandani mchana na usiku. Hapo zamani ng'ombe wa upande wetu walichungwa katika bonde la Rusizi. Lakini sheria ya mwaka 2018, ambayo ilianza kutumika Oktoba 2021, yataka mifugo yote ya Burundi ifungiwe na kulishwa nyumbani. Sheria hiyo ina faida zake: mashamba ya watu husalimika na samadi hukusanywa. Lakini ng'ombe wenye pembe wakibanwa mahali pamoja huumizana, tena huweza kumwumiza anayewakamua. Kwa hiyo mfugaji wa machotara mara nyingi huona afadhali ndama achomwe vichipukizi vya pembe angali mdogo.

Basi siku moja alikuja fundi kwa kazi hiyo. Baba mdogo akaniambia nishike kichwa cha ndama. Chuma kikatiwa motoni mpaka kikawa chekundu. Hapakuwa na sindano wala dawa yo yote. Kilipogusa kichwa, ndama alipiga magoti akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba ndama anayo. Macho yalimtoka, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa banda zima. Kisha upande wa pili, vile vile. Mama yake alikuwa akivuta kamba na kulia. Jioni ndama hakutaka kunyonya. Alisimama pembeni, akitikisa kichwa na kupigapiga masikio.

Nikamwuliza baba mdogo kama hakuna dawa ya ganzi kwa ng'ombe. Akanijibu, "Mwanangu, ng'ombe si mtu. Je, wamsikia akilia sasa? Ameshasahau."

Nikanyamaza, maana si adabu kubishana na mkubwa. Lakini nilikumbuka kwamba mwaka jana, alipokwenda kung'olewa jino, baba mdogo huyu huyu hakukubali kufungua kinywa mpaka alipopigwa sindano ya ganzi. Sisemi haya kwa kumdhihaki, kwa kuwa nampenda, na mimi ndiye niliyemshika ndama kwa mikono yangu. Nasema kwa sababu wazee walikwisha kutuonya: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Hebu tulitazame neno lake. Je, mnyama akinyamaza ndiyo kusema haumwi? Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Uchunguzi wa Maumivu kilitengeneza upya maana ya neno maumivu, na katika maelezo yake kikasema wazi kwamba kushindwa kusema hakuzuii mtu au mnyama kusikia maumivu. Mnyama anayewindwa ana sababu ya kuficha udhaifu wake, maana simba humfuata anayechechemea. Kwa hiyo wataalamu wamejifunza kusoma uso wa mnyama. Mwaka 2010 walitengeneza kipimo cha uso wa panya, na mwaka 2014 cha uso wa farasi: masikio yamekaaje, macho yamefumbwa kiasi gani, pua na kinywa vimekazwa namna gani. Mganga aliyezoea hutazama akajua.

Tena mwaka 2013 wachunguzi wa Kanada walichapa habari za ndama waliofundishwa kutambua rangi mbili katika kioo. Rangi moja ilileta maziwa, ya pili haikuleta. Baadaye wakaonyeshwa rangi za katikati, zisizo hii wala ile. Katika saa zilizofuata kuchomwa pembe, ndama wale hawakuzikaribia rangi hizo kama walivyozikaribia kwanza, kana kwamba wamekata tamaa ya mema. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka ndama wetu amesimama pembeni. Hakuwa amesahau.

Na dawa ipo. Lidokaini, ambayo ni dawa ya ganzi, ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943, nayo hutumika kwa watu na kwa wanyama. Mganga huidunga karibu na mshipa wa fahamu unaopita kati ya jicho na pembe, halafu hungoja dakika chache. Chuma kikija, ndama hushtuka kwa kushikwa tu. Ganzi hiyo huisha baada ya saa moja au mbili, lakini kidonda hakiishi. Ndiyo maana waganga hodari huongeza dawa ya pili, kama meloksikamu, ya kutuliza maumivu na uvimbe kwa muda mrefu zaidi. Kadhalika kazi yafaa ifanywe mapema, katika majuma ya kwanza, kabla kichipukizi hakijashikamana na fuvu. Kuhasi nako ni hivyo hivyo. Kanuni za ng'ombe wa nyama za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, zashauri kwamba ikiwezekana dume ahasiwe kabla ya miezi mitatu.

Waganga wenyewe wameanza kujisahihisha katika kazi yao. Wale wa mbwa na paka waliandika mwongozo wa dunia nzima juu ya maumivu mwaka 2014, wakausahihisha mwaka 2022. Jirani zetu wa Tanzania walitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Zamani maumivu yalihesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa, yasiyo na haja ya kutibiwa peke yake. Siku hizi mganga hufundishwa kwamba kuyatibu ni kazi yake, si hisani.

Najua nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Kweli, mfugaji mwenye ng'ombe wawili hawezi kununua kila dawa. Lakini chupa moja ya dawa ya ganzi yatosha ndama wengi. Tukiwa majirani kumi, tukakubaliana siku moja, tukamwita mganga mmoja, gharama hugawanyika. Na ndama asiyenyonya hakui vizuri. Hiyo nayo ni hasara, ila hatuiandiki daftarini.

Lakini nawaomba msikimbilie kununua sindano na kudunga wenyewe. Dawa ya ganzi ikizidi huua, hasa watoto wa mbuzi. Nyingine hupita katika maziwa na nyama, na lazima zipite siku kadhaa kabla watu hawajavitumia. Kumbukeni yaliyotokea Uhindi. Huko ng'ombe walipewa diklofenaki kwa maumivu, na tumbusi waliokula mizoga yao wakafa kwa wingi hata wakakaribia kwisha. Sababu ilipojulikana mwaka 2004, watu walishangaa. Mwaka 2006 serikali ikazuia dawa hiyo isitengenezwe kwa mifugo, na meloksikamu ikaonekana haiwadhuru ndege wale. Dawa nzuri yahitaji mtu aliyejifunza.

Basi shauri langu ni hili. Ninyi mliomaliza hapa mkawa waganga wa mifugo, ambao huku kwetu twawaita veterineri, msifike kwa mfugaji na chuma peke yake. Mkumbusheni ganzi hata kama hakuiuliza, maana wengi hawajui kwamba ipo. Ninyi mnaouza dawa mjini Bujumbura, wekeni na za kutuliza maumivu, si za kupe na minyoo tu. Nasi wanafunzi tunaokwenda likizo tukashika kamba na vichwa vya ndama, tuulize kwa adabu kabla ya chuma kutiwa motoni. Swali moja halivunji heshima ya mzee.

Wazee wetu walikuwa wakisalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe. Walimlipia mahari ng'ombe, wakamtungia sifa. Haifai sisi tuliosoma tumheshimu kwa maneno, kisha tumchome hali tunajua kwamba anaumia.

Ng'ombe wetu wa pili ana mimba, atazaa karibu na likizo ijayo. Nimemwomba baba mdogo kwamba ndama huyo apigwe ganzi kwanza, na mimi nitatoa fungu langu katika akiba niliyoanza kuweka. Alinitazama sana, akashika shavu lake upande ule wa jino, akasema, "Tutaona." Wanaomjua wanajua kwamba neno hilo kwake si kukataa.