Mitishamba na Mishipa ya Fahamu

Mama mmoja wa Kipawa ametuletea swali lisilongoja. Mumewe, fundi wa ujenzi, alianguka kutoka jukwaani miezi mitano iliyopita akaumia uti wa mgongo, na miguu haina nguvu. Mganga ameahidi kuiotesha upya mishipa ya fahamu kwa mizizi ya kunywa na majani ya kukandia. Je, auze cherehani yake kulipia dawa hiyo? Ameonyeshwa ushahidi wa mambo mawili: jirani aliyepona mkono uliokufa ganzi kwa mizizi hiyo hiyo, na kidole gumba cha mguu wa mumewe kilichoanza kutikisika.

Tuanze na jirani. Mishipa ya fahamu ya mikono na miguu huweza kuota tena yenyewe, iwapo njia yake haikukatika kabisa. Huota polepole mno, kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko hadi kiganja ni karibu sentimita 30. Hesabu mwenyewe, ni miezi kumi. Aliyekunywa mizizi muda huo ataisifu mizizi, na aliyekunywa uji angeweza kuusifu uji.

Ubongo, na ule ugwe upitao ndani ya pingili za mgongo, ni habari nyingine. Mtaalamu wa Hispania, Santiago Ramón y Cajal, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa nyuzi zilizokatika humo hujaribu kuota, kisha hukwama. Baadaye ilibainika kuwa kovu na baadhi ya protini za mahali hapo huzizuia. Hata hospitali kubwa za Ulaya na Marekani hazina dawa ya kuuotesha ugwe uliokatika. Lakini kidole kikitikisika kwa hiari ya mgonjwa mwenyewe, maana yake ugwe haukukatika wote. Uvimbe hupungua, nyuzi zilizosalia hushika kazi. Nafuu ya namna hiyo huja zaidi katika mwaka wa kwanza, nayo husaidiwa na mazoezi ya viungo.

Sisemi haya kwa kudharau mitishamba. Muhimbili ina kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga huyo aulizwe cheti chake. Mwaka 2005 watafiti walieleza kuwa panya walionyweshwa mmea uitwao Centella asiatica walipona upesi zaidi. Ni panya lakini, tena walioumizwa mshipa wa mguu, si ugwe wa mgongo.

Basi mama, usiuze cherehani. Hatari iliyo karibu ni vidonda vya kulalia na maradhi ya mkojo. Mgeuze mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, ukikagua makalio na visigino. Majani ya moto usimkandie kabisa: ngozi isiyo na hisia huungua, mwenyewe asijue. Akiwa ameshakunywa mizizi, daktari aambiwe bila kuona haya. Mrudishe hospitali apangiwe mazoezi, na kila wiki andika katika daftari ni kidole kipi kimetikisika. Mtaalamu wa mazoezi atalihitaji daftari hilo.