Viraka Si Umasikini: Mfarishi wa Mtoto Uanzie Sandukuni Mwako

 

Leo tuna neno la moyoni kuhusu viraka. Ndiyo, viraka hivyo hivyo mnavyovionea haya. Dukani kwetu tunashona nguo za harusi, mabaibui na madera, na kila Alhamisi jioni tukifagia tunajaza gunia zima la vipande. Miaka mingi gunia hilo lilikwenda jaani. Siku tulipoanza kuviunga vipande na kushona mifarishi ya watoto, mteja mmoja aliushika mmoja, akaurudisha mezani kama umemuunguza. "Mwanangu afunikwe viraka? Watu si watasema baba yake hana kazi!"

Dada, tunakufahamu. Kwetu kiraka kina sifa mbaya, na hakuna mama anayetaka mwanawe achekwe. Lakini tukumbushane: Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Kama bora wa viumbe hakuona aibu kushika sindano, sisi tunamuonea haya nani?

Na tuseme ukweli, hivyo vya fahari tunavyonunua vinatufaa nini? Mtoto akizaliwa, zawadi ya kwanza ni blanketi nene la manyoya ya plastiki, lenye picha kubwa na mfuko wa zipu. Linapendeza kulionesha wageni. Usiku wa kaskazi, umeme umekatika, mtoto analowa jasho na kulia, mama analivua blanketi na kumtandia kanga. Basi jibu tunalo ndani ya nyumba siku zote! Kanga mbili tatu za pamba zilizokwisha kulainika kwa kufuliwa zinatosha mfarishi mwepesi, wa kumfaa mtoto hata kipupwe kikiingia.

Sasa tuwape kisa chetu, na kosa ni letu sisi. Alitujia dada mmoja aliyefiwa na mama yake. Alileta kanga tatu za marehemu, akataka mfarishi wa mwanawe wa miaka miwili, kwani mtoto yule alizoea kulala begani kwa bibi yake. Tulizikata siku ile ile. Wiki ya pili akaja mdogo wake. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akauliza, "Ile ya kisutu mmeshaikata?"

Tulikuwa tumeshaikata. Ndiyo aliyojifunga mama yao siku ya harusi ya huyu mdogo, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Sisi nasi hatukuuliza. Nguo za marehemu ni mirathi, jamani. Hata kanga iliyochujuka ina wenyewe. Tulimuomba radhi, tukachukua pindo lililobaki tukamshonea foronya ya mto. Aliipokea, akashukuru, lakini uso wake ule hatujausahau. Tangu siku hiyo mkasi wetu haugusi nguo ya marehemu mpaka tuambiwe warithi wote wameridhia.

Kisa hiki kilitufunza adabu, na pia kilitufunza thamani ya kitambaa. Hakuna anayelililia blanketi la dukani namna ile.

Basi tunawashauri mshone wenyewe. Hata asiyewahi kukaa kwenye charahani anaweza, kwa sababu mishono yote ni ya kunyooka.

Kwanza hakikisha kitambaa ni pamba. Chomoa uzi mmoja, uchome kwa kibiriti mbali na nguo: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, lakini nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Fua vipande vyote kabla ya kukata, na vya rangi kali uvifue peke yake, maana kanga mpya nyekundu ikichuja italiharibu jambo zima. Kisha piga pasi.

Kata kadibodi ya mraba wa sentimita 17, iwe ndiyo kipimo chako. Unahitaji miraba 56, safu nane za miraba saba. Ukishona sentimita moja ndani kila upande, mraba unabaki sentimita 15, na mfarishi wako utatoka sentimita 105 kwa 120. Panga kwanza juu ya kitanda, uitazame, ubadilishe mpaka jicho liridhike. Unga miraba ya kila safu, piga pasi mishono, ndipo uunge safu kwa safu. Usiruke pasi. Wengi wanaolalamika kwamba miraba imekwenda upande waliruka pasi.

Kwa nyuma weka kanga nzima iliyo laini, na katikati shuka kuukuu la pamba. Sufi msitie, ikilowa hugandamana na haikauki upesi, na mtoto mdogo mnamjua. Laza uso kwa uso, shona pande zote, acha nafasi ya kupita mkono, geuza, ziba kwa sindano. Malizia kwa kupitisha mshono juu ya maungio ili tabaka zishikane.

Mambo mawili msisahau. Jina la kanga likiwa na Jina la Mwenyezi Mungu, likate uliweke pembeni, kwa sababu mtoto atakojolea. Na yale majina ya kumpiga vijembe jirani, mwanao hayamhusu! La pili, mfarishi huu ni wa mtoto aliyetimiza mwaka. Mchanga asilazwe na nguo nzito wala mito karibu na uso wake, inaweza kumziba pumzi.

Mabibi harusi, ninyi ndio hasa tunaosema nanyi. Mnapokuja kupimwa, muombeni fundi vipande vya nguo zenu, ni haki yenu, mmevilipia. Tieni kwenye mfuko: kipande cha nguo ya harusi, cha dera la mama, cha kanga aliyokupa somo wako. Kila mwaka ongeza kidogo. Mungu akikujaalia mtoto, usiingie Darajani kuhangaika. Na asipojaaliwa mapema, mfuko haumdai mtu. Shona umpe mtoto wa ndugu yako, au yatima wa jirani, nayo ni sadaka.

Yule mteja aliyeuona mfarishi wetu kama moto alirudi baadaye na mfuko wa vipande. Hakusema kitu, nasi hatukumkumbusha. Tulimvutia kiti mbele ya charahani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kizazi chema na mikono isiyodharau kidogo. Aamin.