Usiharakishe kumwita mwenzako mwendawazimu

Msomaji, ukishuka matatu pale Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, utawakuta watu wakipakia vitunguu na viazi vya kupelekwa Kimilili na Bungoma. Kaa kidogo uwasikilize. Haitachukua muda kabla hujamsikia mmoja akisema kuhusu mwingine, "Achana na huyo, ni wazimu." Maneno hayo ni mepesi mdomoni, lakini ni mazito kwa yule anayeambiwa. Tunayasema Kapsokwony, tunayasema Kitale, na hata huko Nairobi tunayasema. Je, umewahi kujiuliza ni nani anayeamua kwamba akili ya mtu si ya kawaida, na anatumia kipimo gani?

Wanasaikolojia wamelijadili swali hili kwa miaka mingi. Kuna vipimo vinne wanavyovitaja mara kwa mara. Cha kwanza ni idadi: tabia inayoonekana kwa watu wachache mno huhesabiwa si ya kawaida. Cha pili ni desturi: anayekiuka kanuni za jamii yake hutiliwa shaka. Cha tatu ni mateso: je, mwenyewe anaumia moyoni? Cha nne ni kuyamudu maisha: je, anaweza kulala, kula, kufanya kazi na kuishi na wenzake? Wako wanaoongeza cha tano, yaani hatari kwake mwenyewe au kwa wengine.

Kwa maoni yangu, wengi wetu tumeng'ang'ania viwili vya kwanza na kuvisahau vinavyofuata. Kosa hilo si dogo, na eneo hili la Mlima Elgon linatuonyesha madhara yake.

Tuanze na kipimo cha desturi. Bila shaka umesikia habari za Elijah Masinde, mzaliwa wa Kimilili, mwanasoka hodari aliyeanzisha Dini ya Msambwa. Masinde aliwahimiza watu wakatae amri za serikali ya kikoloni na akataka Wazungu waondoke nchini. Mwaka wa 1945 serikali hiyo ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na hakuachiliwa hadi 1947. Mwaka uliofuata alikamatwa tena, na safari hiyo akahamishiwa Lamu. Ajabu ni kwamba mtu yule yule, kwa msimamo ule ule, alitendewa kwanza kama mgonjwa na kisha kama mkorofi wa kisiasa.

Wakati huo msimamizi wa Mathari alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mnamo 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Yaani alichukua desturi za kwao akazifanya rula, kisha akalipima bara zima. Leo wataalamu wameyatupilia mbali madai hayo.

Sisemi kwamba kila alilolifanya Masinde lilikuwa jema. Ninalosema ni kwamba kumpinga mtawala si ugonjwa. Vivyo hivyo, kijana anayekataa kazi aliyochaguliwa na babake, au msichana anayekataa kuolewa, hajaugua kwa sababu tu amewaudhi wazee.

Sasa tugeukie kipimo cha idadi, ambacho hutudanganya kwa namna nyingine. Kati ya 2006 na 2008 ugomvi wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chepyuk uligeuka vita. Kundi la Sabaot Land Defence Force liliua watu zaidi ya 600, na wengine wakakatwa masikio. Machi 2008 wanajeshi waliletwa katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa wingi na wengi wao wakateswa. Kundi lile na vikosi vya serikali vyote viwili vililaumiwa kwa watu waliotoweka, na kuna jamaa ambao hawakupata hata kaburi la kulilia.

Fikiria basi mama ambaye mumewe alichukuliwa siku zile. Usiku akisikia gari anaruka kitandani. Shambani hakukaliki, kwa maana kila kichaka kinamkumbusha. Watoto wakipiga kelele anatetemeka mwili mzima. Akiwaeleza majirani, wanamjibu, "Mama, sisi sote tuliyaona hayo. Ni kawaida." Kwa kipimo cha idadi majirani hawajakosea, kwa kuwa walioumia ni wengi. Lakini meno yaliyooza pia ni ya watu wengi, na hakuna daktari atakayesema meno yaliyooza ni meno mazima!

Hali kama ya mama huyo inajulikana kitaalamu. Ni maradhi yanayofuata kiwewe, na madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza katika orodha yao rasmi mnamo 1980, baada ya kuwasikiliza askari waliorudi kutoka Vietnam. Yana tiba ya mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na pengine dawa. Asiyeyapata matibabu hayo kwa sababu ameambiwa hali yake ni ya kawaida amenyimwa haki yake.

Hata sheria yetu ilikwama katika kipimo cha desturi. Kwa miaka mingi Mkenya aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu wa kufungwa jela. Ilikuwa Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Yule aliyehitaji daktari alikuwa akipelekwa kwa askari.

Basi tufanyeje? Nakuomba, msomaji, uanze na vipimo vya mateso na vya kuyamudu maisha. Ukimwona ndugu yako amebadilika, usiulize kwanza, "Watu watasema nini?" Muulize yeye, "Unalala? Unakula? Ni kitu gani kinakulemea?" Huzuni ya msiba ni haki ya kila binadamu, wala si ugonjwa. Lakini huzuni inayomkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikamnyima usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kazi, inafaa ipelekwe hospitalini. Naye akitaja kujiua, usingoje hata siku moja. Usimwache peke yake, na umpeleke kwa daktari mara hiyo.

Akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, usimfunge kamba wala kumficha chumba cha nyuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kama jamii yenu ina wazee wa kumwombea, waacheni wamwombee, lakini maombi yasimzuie kufika kwa daktari.

Siku nyingine utakaposikia pale stendi mtu akiitwa wazimu, kumbuka kwamba Masinde aliitwa hivyo na wenye mamlaka waliochukizwa naye. Mkumbuke pia yule mama ambaye hakuna aliyemwita mgonjwa, ilhali ndiye aliyehitaji kutibiwa. Kabla hujatamka neno hilo, mwendee mwenyewe umwulize kama anaumia.