Jokofu linapotoa ushahidi wa uongo

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye chakula alieleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, ili watu wakione. Kisha likafuata onyo kali kwa kila mwenye kughushi. Wanazuoni hulitaja tukio hili katika mlango wa biashara. Leo tunaliingiza jikoni, kwa sababu kimo chombo ambacho juu huonesha jambo moja na ndani huficha jingine: jokofu lenye kihisi joto kibovu.

Katika mwambao wetu, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Kilwa Masoko, Mchinga na Lindi mjini, jokofu si pambo la sebuleni. Ndani yake mna kitoweo cha familia, pengine insulini ya mzee mwenye kisukari, na mara nyingi mna mtaji: samaki, pweza na barafu za kuuza. Likikosea, hasara huiangukia nyumba nzima.

Shahidi na hakimu

Kihisi joto, ambacho mafundi hukiita sensa, ni kipande kidogo chenye nyaya mbili, kilichofichwa ndani ya jokofu. Kazi yake ni kutoa ushahidi wa joto lililomo. Kadi ya umeme huupokea ushahidi huo na kuamua kama kompresa iwake au izime. Kadi ni hakimu asiyeweza kwenda kujionea mwenyewe. Shahidi akisema uongo, hukumu huwa batili.

Katika majokofu mengi ya kisasa, kihisi huzuia umeme zaidi kadiri baridi inavyozidi, na huulegezea kadiri joto linavyopanda. Hapo ndipo hewa yetu ya chumvi inapoingia. Maungio ya nyaya yakishika kutu ya kijani, kizuizi huongezeka, na kadi hudhani kuwa ndani kuna baridi ya kutosha. Kompresa hupumzika, namba ya mlangoni hupendeza macho, na samaki huharibika polepole. Kinyume chake, maji yakipenya ndani ya kihisi, kizuizi hupungua na kadi hudhani kuwa kuna joto. Kompresa hufanya kazi bila kupumzika, uniti za LUKU huyeyuka, mboga huganda, na insulini ikiganda huwa imeharibika, haifai tena kutumiwa.

Majokofu ya zamani yenye kirungu cha kuzungusha hutumia mrija mwembamba wenye gesi. Gesi hiyo ikivuja, kompresa haiwaki kabisa, ingawa taa ya ndani inawaka.

Tupime kabla ya kulaumu

Tusiikubali namba ya mlangoni peke yake. Tununue kipimajoto kidogo, na kwanza tukihakiki chenyewe: tukitie katika bilauri iliyojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, tukoroge, tungoje dakika chache. Kinapaswa kusoma nyuzi 0, au karibu sana na hapo. Kisha tukiweke ndani ya bilauri ya maji katikati ya jokofu, tulale, na tukisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Sehemu ya kawaida isizidi nyuzi 4 za Selsiasi. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Ikiwa joto limezidi, tuanze na sababu nyepesi. Tubane karatasi mlangoni: ikivutika bila ukinzani, mpira wa mlango umechoka au una uchafu. Tuangalie vumbi nyuma ya jokofu, na kama limesogezwa mno ukutani. Tuangalie kama vyombo vimeziba matundu ya hewa, au barafu imejenga ukuta ndani. Tujiulize pia kama sufuria ya moto iliingizwa humo jana. Kasoro hizi huiga ubovu wa kihisi, na kuziondoa hakugharimu fedha nyingi.

Yote hayo yakiwa salama, ndipo zamu ya kihisi. Fundi hulichomoa jokofu kwenye umeme, husafisha maungio, kisha hukitumbukiza kihisi katika maji ya barafu na kupima kizuizi chake kwa mita, akilinganisha na jedwali la mtengenezaji wa jokofu hilo. Vihisi havifanani, hivyo tusikubali kufungiwa chochote kilichopatikana. Suratun-Nahl, aya ya 43, inatuelekeza tuwaulize wenye kujua. Basi tumwombe fundi atuoneshe kipimo kabla hajatuambia kuwa kompresa imekufa au gesi imekwisha. Na tusichokoe barafu kwa kisu: majokofu mengi mapya yana gesi inayoshika moto.

Sumu isiyoondoka kwa kupikwa

Wengi wetu husema: samaki amelegea kidogo, tutamkaanga vizuri. Kwa jodari, nguru na vibua, kauli hiyo ni ya hatari. Samaki hawa wakikaa katika joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini. Moto wa jiko haiiondoi, wala kugandishwa tena hakuiondoi, na pengine samaki hana harufu mbaya. Mlaji huiva uso, huumwa kichwa, huwashwa na moyo kumwenda mbio muda mfupi baada ya kula. Akipatwa na hali hiyo, na hasa akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Umeme unapokatika, mlango ubaki umefungwa: jokofu huhifadhi chakula kwa takriban saa 4, friza iliyojaa kwa saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24.

Amana ya muuzaji

Hapa tunarudi kwenye lile rundo la chakula. Mama au kijana auzaye samaki kutoka friza yake, akigundua asubuhi kuwa kihisi kimemdanganya na samaki wameyeyuka na kupata joto, anaujua unyevu uliomo ndani ya rundo. Akiwagandisha upya, wataonekana wagumu na kupendeza, na mnunuzi hatakuwa na vidole vya kufika ndani. Kuwatupa ni uchungu mkubwa, hasa mtaji ukiwa mdogo na ada ya madrasa ikidaiwa. Lakini hasara hiyo huisha. Dhuluma ya kumlisha jirani sumu hungoja hesabu. Wala kutupa kilichoharibika si israfu. Israfu ni kupuuza kipimo hadi kiharibike.

Basi kila nyumba iwe na kipimajoto chake, na kisomwe angalau mara moja kwa wiki. Allah (s.w.) atujaalie riziki ya halali iliyo safi, na atuepushe na ushahidi wa uongo, wa ndimi zetu na wa vyombo vyetu. Amin.