Fast and Furious Ingeishia ya Saba, Ila Mtafsiri Aendelee

Naomba niseme mapema kabla hamjanirushia mawe: kwangu mimi Fast and Furious iliisha na ile ya saba, ya 2015, pale magari mawili yanapoachana njia panda. Tulilia jamani. Banda zima kimya, mvua ya Nkunga inapiga bati, na vijana wagumu wa bodaboda wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni. Vumbi gani na mvua ile?

Zilizofuata naangalia kwa mazoea tu. Ya tisa gari linaenda angani. Angani kabisa! Mshkaji wangu ni fundi magari pale Tukuyu, alinyanyuka akasema anaenda kula.

Lakini ya kumi ilipokuja tulirudi wote, na siyo kwa sababu ya Vin Diesel. Tulimfuata mtafsiri.

Najua wajuaji wa Netflix wanasema muvi za kutafsiriwa ni za washamba, eti sauti ya mtu mmoja inafunika kila kitu. Kuna ukweli hapo, sibishi. Black Panther niliangalia zote mbili, ya kawaida na ya kutafsiriwa. Wale Wakanda wanaongea Kixhosa kitamu kabisa, na mtafsiri akakifunika chote. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Ila njoo ukae na bibi yangu. Kiingereza hajui, na yale maandishi ya chini yanapita haraka kuliko macho yake. Zamani alikuwa anauliza, "Wamesemaje?" Sisi tunamjibu, "Wanagombana tu, bibi." Watu wameongea dakika tano, tunampa maneno matatu. Tulikuwa wachoyo, basi tu. Ukimwekea ya kutafsiriwa anacheka na sisi muda uleule, na mara nyingine anaanza yeye.

Hii kazi haikuanza jana. Kuna Lufufu, yule Kapteni Mukandala wa Dar, ambaye mpaka Titanic aliisimulia kwa Kiswahili. Anaeleza, anachekesha, anakuongezea mambo ambayo Leonardo DiCaprio mwenyewe hayajui. Ukiniuliza mimi, huyo ni msanii kamili.

Azam nao wakaja na tamthilia za Kituruki, kila mhusika na sauti yake ya Kiswahili. Sultan ilipokuwa inaonyeshwa, chakula cha usiku nyumbani kilikuwa kinasubiri. Bibi alimchukia Hurrem kama mke mwenzake. Nilimwambia hao watu walikufa miaka mia nne na kitu iliyopita, akasema haidhuru.

Sasa Bongo. Jua Kali naipenda, sifichi. Hamna anayenitafsiria, naelewa hadi mtu anapoguna. Kinachoniudhi kwenye tamthilia zetu nyingi ni kwamba nikisikia mtu anaongea kwa lafudhi ya huku kwetu, najua kabla hajatokea kwenye kioo: huyo ni mlinzi au dada wa kazi. Mwenye kampuni hatoki Rungwe? Huku kuna watu wana mashamba ya chai na parachichi, wana magari, wana michepuko. Tuandikieni na sisi uovu wa kitajiri.

Halafu kuna wale wa "Bongo Movie ilikufa na Kanumba 2012." Mimi nilikuwa mmoja wao. Siku moja nikajiuliza, tangu mwaka huo nimelipia muvi ngapi za Kibongo? Nilikuwa naenda laibrari na flashi yangu, nawekewa kumi kwa bei ya soda, na hakuna hata shilingi iliyomfikia aliyeigiza. Nimelaani marehemu asiye na kosa wakati na mimi nilishika jembe kaburini. Sa hivi kingamuzi nalipia, mwezi hela ikigoma naenda kwa jirani mwenye nacho. Flashi bado ninayo lakini, nisiwadanganye.

Juzi bibi kaniuliza lile gari lililoenda angani liliishia wapi. Nikamwambia gari halikurudi, waliorudi ni watu.

"Afadhali," akasema. "Ya kumi na moja inatoka lini?"