Kagueni Kwanza, Mnada Baadaye

Tim DeChristopher hakuchoma kitu wala hakumgusa mtu. Aliinua kibao. Tarehe 19 Desemba 2008, mjini Salt Lake City, katika jimbo la Utah huko Marekani, mwanafunzi huyu wa uchumi mwenye miaka 27 aliingia kwenye mnada wa serikali wa haki za kuchimba mafuta na gesi. Akapewa kibao namba 70. Mwanzo alipandisha bei tu ili kampuni zilipe zaidi, kisha akaanza kushinda. Walipokuja kumtoa ukumbini, vitalu 14 vilikuwa vyake, kwa karibu dola milioni 1.8. Fedha hiyo hakuwa nayo.

Kosa ni kosa. Hata mnada wa samaki ufukweni hauendi ikiwa kila mwenye mdomo anataja bei asiyoweza kuilipa. Machi 2011 jopo la raia lilimtia hatiani kwa makosa mawili, na Julai akafungwa miaka miwili na kutozwa faini ya dola 10,000. Mwenyewe hakuwahi kukana alichofanya. Hapo hatubishani na mtu.

Tunachohoji ni mnada wenyewe. Baadhi ya vitalu vilipakana na hifadhi za taifa za Arches na Canyonlands, au vilikuwa hatua chache tu kutoka mipaka yake. Serikali ya Bush ilikuwa imebakiza wiki chache madarakani, na tangazo la mnada lilitoka siku ileile watu wako kwenye foleni za kura. Wasimamizi wa hifadhi walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Ni sawa na mtu kuuza shamba la ukoo usiku, ndugu zake wakiwa msibani.

Kilichofuata kila mtu angekitabiri. Januari 2009 jaji alizuia vitalu 77 vya mnada huo, kwa kuwa athari kwa hewa ya eneo hilo hazikuwa zimepimwa vya kutosha. Februari, waziri mpya Ken Salazar akavifuta. Kosa la waliouza likaisha kwa sahihi. La aliyenunua likaishia jela. Na jopo lililoamua hatima yake halikuruhusiwa kuambiwa kwamba serikali yenyewe ilikuwa imerudi nyuma kuhusu mnada ule.

Dawa yake haihitaji profesa. Fanya tathmini ya athari kwa mazingira, ikamilike. Waite majirani wa ardhi, uwasikilize, na pingamizi zao zijibiwe kwa maandishi. Ndipo umwite dalali. Kila mara tunaambiwa kwamba hayo yanachelewesha. Yanachelewesha nini? Muda waliojidai kuuokoa Desemba waliupoteza Januari mahakamani, na juu yake wakaongeza kesi ya jinai iliyodumu zaidi ya miaka miwili.

Anayevunja sheria kwa ajili ya mazingira ajue kuna gharama. DeChristopher aliilipa: alitumikia miezi 21 na kuachiwa Aprili 2013. Lakini ofisi inayouza mali ya umma nayo imefungwa na sheria, tena kabla ya mnunuzi yeyote kuingia ukumbini. Mwenye dhamana ya ardhi ya wananchi, popote alipo, atuoneshe kwanza ripoti ya ukaguzi. Nyundo ya dalali isubiri.